KOA MLA MATUMBAWE: MHARIBIFU AINGIAYE NA KIPANDIKIZI

Katika nyumba nyingi za Ulaya, Amerika ya Kaskazini na Japani, mgeni aingiapo sebuleni huweza kukuta tangi la kioo lililojaa maji ya chumvi, na ndani yake bustani hai ya matumbawe. Tangi la namna hiyo si pambo la kununuliwa leo na kusahauliwa kesho. Mwenye nalo hupima chumvi, joto na chokaa ya maji yake mara kwa mara, huwasha taa zenye nguvu kwa saa maalumu, na husubiri miaka kadhaa hata kipande cha tumbawe kilicholingana na kidole kiwe bamba pana kama sinia. Kisha siku moja huona ukingo wa bamba lile umegeuka mweupe. Juma la pili weupe umeenea. Hupima maji asione kosa. Hutazama taa, asione kosa. Aliinuapo tumbawe na kulichungulia upande wa chini, ndipo amwonapo mharibifu: mnyama mweupe, laini, ambaye ukubwa wake hauzidi sana punje ya mchele.

Mnyama huyo ni koa wa baharini. Habari zake zafaa kujulikana hata na wale ambao hawatafuga matumbawe nyumbani kamwe. Katika sehemu kadhaa za pwani ya Afrika ya Mashariki vipandikizi vya matumbawe hupandwa baharini ili kufufua miamba iliyoharibika, na kazi hiyo hufanywa pamoja na wanavijiji na wavuvi. Tena kila apandaye kwa kipandikizi, kiwe cha muhogo, cha mgomba au cha tumbawe, anakabiliwa na hatari moja: kuleta shambani mwake, kwa mikono yake mwenyewe, kile kitakachomwangamizia mazao.

TUMBAWE NI NINI

Watu wengi hulidhania tumbawe kuwa jiwe, na wengine hulidhania kuwa mmea. Kwa kweli ni kundi la wanyama wadogo sana waishio wameungana, waitwao polipi. Kila polipi ana mdomo mmoja uliozungukwa na minyiri midogo, na chini yake hujenga kiunzi kigumu cha chokaa. Ndani ya nyama ya polipi huishi chembe ndogo za mwani. Chembe hizo hutumia mwanga wa jua kutengeneza chakula, na sehemu kubwa ya chakula hicho humfikia mwenyeji wao. Ndiyo sababu tumbawe la namna hii huhitaji maji maangavu na mwanga mwingi, na ndiyo sababu mfugaji wa nyumbani hulazimika kugharamia taa za pekee.

Miongoni mwa matumbawe yapendwayo sana na wafugaji ni yale ya jamii iitwayo Montipora. Jamii hii huishi katika Bahari ya Hindi na Bahari ya Pasifiki, na pwani ya Afrika ya Mashariki imo katika makao yake. Baadhi hukua kama mabamba yaliyopandana, baadhi hutambaa juu ya mwamba kama ukoko, na baadhi hutoa matawi. Rangi zake ni nyingi: nyekundu, kijani, zambarau na machungwa. Hukua upesi kuliko matumbawe mengi, wala si mgumu sana kumtunza. Lakini nyama yake ni tabaka jembamba mno juu ya kiunzi. Mnyama akiitafuna nyama hiyo, mara moja huonekana chokaa tupu, nyeupe kama mfupa.

Ufugaji wa matumbawe majumbani si jambo la kale sana. Mwaka 1961 mfugaji wa Indonesia, Lee Chin Eng, alichapisha maelezo ya tangi lake ambalo ndani yake aliweka mawe yaliyotolewa baharini pamoja na viumbe vyake vyote, akayatia hewa kidogo tu, na kuiacha kazi ya kusafisha maji ifanywe na viumbe wale wale. Njia hiyo ya kutumia mawe hai ilikuja kuwa msingi wa matangi mengi ya baadaye. Walakini jiwe liletalo wasafishaji huweza kuleta na waharibifu.

KOA NI MNYAMA GANI

Koa wa baharini ni ndugu wa konokono, chaza na pweza. Ni konokono ambaye vizazi vyake, katika muda mrefu wa maumbile, vilipoteza gamba. Kundi la makoa watambaao uchi bila gamba lina aina zipatazo 3,000 duniani, na wengi wao ni wazuri wa kupendeza macho. Makoa wa ukoo tunaouzungumzia hapa huwa na vinyama vingi vilivyosimama mgongoni kama vidole. Vinyama hivyo humsaidia kupumua, na ndani yake hupita matawi ya utumbo wake.

Makoa wengi wa namna hiyo hula wanyama wanaowasha, kama anemoni na jamaa za yavuyavu. Jambo la ajabu ni kwamba huvimeza vishale vya sumu vya wanyama hao bila kuvifyatua, wakavihifadhi katika ncha za vinyama vya mgongoni, wakavitumia kama silaha yao wenyewe. Lakini jenasi iitwayo Phestilla, ambayo hula matumbawe magumu, haikujaliwa ghala hiyo ya silaha. Kinga yake kubwa ni kujificha na kufanana na chakula chake. Mathalani, Phestilla melanobrachia, ambaye hula matumbawe yenye rangi ya machungwa au nyeusi, huchukua rangi ya tumbawe analolila, hata ikawa vigumu kumtambua akiwa juu yake.

Kila aina ya Phestilla ina chakula chake. Phestilla lugubris hula matumbawe ya jamii ya Porites, yale makubwa yenye umbo la jabali ambayo wavuvi wa pwani huyafahamu vema. Yule anayewasumbua wafugaji wa nyumbani hula Montipora, wala hana haja na tumbawe jingine. Wafugaji walimjua kwa miaka mingi, wakamwita kwa majina ya kubuni, ilhali katika vitabu vya elimu ya wanyama hakuwa na jina. Ilipofika mwaka 2020 watafiti wanne, Adam Wang, Inga Conti-Jerpe, John Richards na David Baker, walimweleza rasmi katika jarida la ZooKeys na kumpa jina Phestilla subodiosus. Katika kichwa cha taarifa yao walimtaja waziwazi kuwa ni mharibifu katika biashara ya matangi. Hivyo alijulikana kwa hasara yake kabla ya kujulikana kwa jina.

BAHARINI ANA WALINZI WAKE

Yafaa ieleweke kwamba koa huyu na ndugu zake si adui wa mwamba wa bahari. Wameishi na matumbawe tangu zamani, na matumbawe hayakwisha. Sababu yake ilichunguzwa huko Hawaii juu ya koa mmoja wa jenasi hiyo, aitwaye Phestilla sibogae, ambaye hula tumbawe la Porites. Mwaka 1997 wataalamu wawili, Deborah Gochfeld na Greta Aeby, walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba idadi ya makoa hao huzuiwa na samaki pamoja na wanyama wa jamii ya kaa. Koa akitokea mahali pa wazi mchana, haponi. Kwa sababu hiyo hushinda chini ya tumbawe, katika nyufa na sehemu zilizokufa, na hutoka kula gizani.

Sasa mtu afikirie mnyama huyo anapotiwa katika tangi. Maji ni ya joto lile lile, chakula ni tele, tena kimepangwa karibu karibu. Kaa hayupo, kwa sababu mfugaji aliogopa kwamba angeangusha matumbawe. Samaki walao viumbe vya namna hiyo pengine hawapo, au ni mmoja tu, naye hushiba chakula cha kopo. Katika hali hiyo koa hupata kila kitu alichokuwa nacho baharini, isipokuwa adui. Huzaa, na wanawe wote hupona. Tumbawe lililochukua miaka mitatu kukua huweza kumalizika kwa majuma machache.

Wakulima wa Afrika waliyaona mambo haya haya mashambani. Katika miaka ya mwanzo ya 1970 kidung'ata wa muhogo, mdudu aliyetoka Amerika ya Kusini, alionekana katika eneo la Kongo, akaenea upesi katika nchi nyingi za bara hili na kuleta njaa. Huko kwao hakuwa tishio kubwa, kwa kuwa alikuwa na maadui wake. Dawa yake ilipatikana pale nyigu mdogo amshambuliaye mdudu huyo alipotafutwa huko huko Amerika ya Kusini, akapatikana Paraguay, akaletwa na kuanza kuachiwa huko Nigeria mwaka 1981. Kwa kuongoza kazi hiyo, Hans Herren alipewa Tuzo ya Chakula ya Dunia mwaka 1995. Mdudu wa muhogo na koa wa matumbawe ni viumbe mbalimbali kabisa, lakini kisa chao ni kimoja: mnyama wa kawaida hugeuka balaa ahamishwapo na walinzi wake wakaachwa nyuma.

JINSI AINGIAVYO NYUMBANI

Matumbawe ya nyumbani huenezwa kwa vipandikizi. Mfugaji hukata au huvunja kipande, hukigandisha kwa gundi juu ya kidonge cha saruji au cha udongo uliochomwa, na baada ya majuma kadhaa kipande hushika na kuanza kukua. Njia hii ina faida kubwa. Hupunguza haja ya kuvunja miamba ya bahari, na hupunguza gharama, kwa sababu wafugaji huweza kubadilishana vipande wao kwa wao. Kadhalika, matumbawe magumu yamo katika Nyongeza ya Pili ya mkataba wa kimataifa wa CITES, ambao huyawekea masharti mauzo yavukayo mipaka ya nchi. Kwa hiyo kipande kilichokuzwa nyumbani na kupewa jirani huondoa usumbufu mwingi.

Lakini kipandikizi hubeba vilivyomo juu yake. Mkulima wa muhogo anajua kwamba pingili iliyokatwa katika shamba lenye batobato huonekana nzima, hata ikipandwa ndipo ugonjwa ujitokezapo katika majani. Vivyo hivyo kipande cha Montipora huweza kufika kikiwa na rangi nzuri na polipi waliochanua, ilhali chini ya kidonge chake mna kishada cha mayai yasiyozidi ukubwa wa kichwa cha pini. Aliyekitoa pengine hakujua. Aliyekipokea hana sababu ya kushuku. Mwezi mmoja baadaye tangi zima limeshaambukizwa.

DALILI ZA KUTAZAMWA

Alama ya kwanza ni weupe unaoanzia pembeni au upande wa chini wa tumbawe na kusogea kuelekea katikati. Alama hii peke yake haitoshi, kwa sababu mwanga uliozidi, joto lililopanda, au upungufu wa chokaa katika maji pia huweza kulifanya tumbawe liwe jeupe au kupoteza nyama. Hapana budi mfugaji amtafute mnyama mwenyewe.

Wakati mzuri wa kumtafuta ni usiku, saa mbili au tatu baada ya taa kuzimwa, kwa kutumia tochi yenye mwanga hafifu. Atazame mpaka kati ya nyama hai na chokaa tupu, kwani hapo ndipo koa alapo. Mchana yafaa kulitoa tumbawe, kuligeuza, na kuuchunguza upande wa chini kwa kioo cha kukuzia. Kupuliza maji kwa bomba dogo la mpira husaidia pia, kwa kuwa koa aliyejishikiza huyumba au hung'oka. Mayai huonekana kama vishada vidogo vyeupe au vyenye uangavu, vilivyobandikwa juu ya chokaa karibu na nyama iliyo hai.

Akimwona mmoja, asidhani yuko peke yake. Kila koa wa ukoo huu ana viungo vya kiume na vya kike pamoja, na wawili wowote wakikutana huweza kupandana na wote wawili wakataga. Hakuna tumaini kwamba aliyeingia alikuwa dume.

MAYAI NDIYO KIINI CHA TATIZO

Wafugaji wengi wanapogundua makoa hufanya jambo la haki kwa njia iliyo pungufu. Hulichovya tumbawe katika dawa, huona makoa wakianguka mmoja mmoja, hufurahi, na hulirudisha tumbawe tangini. Baada ya majuma matatu weupe hurudi, nao huilaumu dawa.

Dawa haina lawama. Dawa za kuchovya zitumikazo, ziwe za madini ya iodini au za mafuta ya mimea, huua au kuwalegeza makoa walio hai. Lakini mayai yamefunikwa na utando ambao dawa haipenyi vya kutosha, na nguvu ya dawa ikizidishwa ili ipenye, tumbawe lenyewe hufa kwanza. Kwa hiyo siku ya kuchovya mara ya kwanza, walioondolewa ni wazazi tu, na watoto wamebaki.

Ndipo ilipo faida ya kuyajua maisha ya mnyama. Katika yule koa wa Hawaii aliyechunguzwa sana, mayai huangua baada ya takriban juma moja katika maji ya joto. Lava wake huogelea, na uchunguzi wa Michael Hadfield na wenzake ulionyesha kwamba lava huyo hungoja mpaka ahisi dutu itokayo katika tumbawe la Porites. Aipatapo ndipo atuapo na kugeuka koa. Kisha huhitaji majuma mengine kadhaa apate kukomaa na kutaga. Kati ya siku ya kuangua na siku ya kutaga basi pana nafasi, na katika nafasi hiyo koa mchanga hana utando wa kumkinga, wala hajaacha mayai mapya. Atakayechovya mara moja ameikosa nafasi hiyo. Atakayechovya kila juma, kwa majuma manne hadi sita au zaidi, atawakuta vijana wa kila kundi kabla hawajawa wazazi.

UTARATIBU WA KUPAMBANA NAYE

Kazi yenyewe hufuata mpango ufuatao.

Kwanza, tumbawe litolewe tangini pamoja na jiwe lake kila iwezekanapo. Sehemu zilizokwisha kufa zikatwe na kutupwa, kwa kuwa humo ndimo mafichoni pa makoa na mahali pa mayai. Kidonge cha zamani kitupwe pia, na kipande kigandishwe juu ya kidonge kipya.

Pili, mayai yaonekanayo yakwanguliwe kwa kisu kidogo au kusuguliwa kwa mswaki, nje ya tangi. Jicho halitayaona yote, lakini kila kishada kiondolewacho ni makoa wengi waliopunguzwa.

Tatu, itayarishwe ndoo ya maji yaliyochotwa katika tangi lile lile, yenye joto na chumvi sawa, na dawa itiwe kwa kipimo kilichoandikwa na mtengenezaji. Tumbawe likae humo kwa muda ulioelekezwa, na wakati wote lipulizwe maji kwa bomba. Kisha lisuuzwe katika ndoo ya pili. Maji ya ndoo zote mbili yasirudishwe tangini kamwe. Afanyaye kazi hii avae mipira ya mikono na kukinga macho, kwa kuwa baadhi ya viumbe jamaa za matumbawe, hasa wale wa kundi la zoanthidi, huweza kuwa na sumu kali mwilini. Wako watumiao dawa za kuulia wadudu wa bustani. Hizo zina hatari kwa mtumiaji, na masalio yake huua kamba na kaa wa tangini; mwenye busara huanza na dawa zilizokusudiwa kwa matumbawe.

Nne, kazi irudiwe kila juma, hata kama hakuna koa aliyeonekana juma lililopita. Tarehe iandikwe katika daftari. Kuacha kabla ya wakati, kwa kuwa mambo yaonekana kuwa mazuri, ndilo kosa liwarudishalo wengi mwanzoni.

Tano, ikiwa kuna tangi la pili, Montipora wote wahamishiwe huko kwa muda wa matibabu, na tangi kubwa libaki bila tumbawe hata moja la jamii hiyo. Koa aliyebaki humo hatapata chakula kingine. Uteuzi wake wa chakula, ambao ndio unaomfanya awe mharibifu mkubwa, hapo humgeukia mwenyewe akafa kwa njaa.

Taabu kubwa humpata yule ambaye tumbawe lake limetambaa juu ya mwamba wote wa tangi, haliwezi kutolewa. Huyo huweza kupunguza makoa kwa kuwapuliza na kuwanyonya kwa bomba kila usiku, lakini mara nyingi hulazimika kuchagua: aondoe Montipora yote kwa miezi kadhaa na kuokoa vipande vichache katika tangi la pembeni, au aishi na hasara isiyokwisha. Uamuzi wa kukwangua kwa kisu kile alichokikuza kwa miaka si mwepesi, na wengi huuchelewesha mpaka hapana tena cha kuokoa.

WASAIDIZI NA WASIO WASAIDIZI

Baadhi ya samaki wadogo wa miamba hula makoa. Anayetajwa mara kwa mara ni yule mwenye mistari sita ubavuni, Pseudocheilinus hexataenia, samaki wa urefu wa kidole ambaye hupatikana tangu pwani ya Afrika ya Mashariki mpaka visiwa vya katikati ya Pasifiki. Hupita akichungulia kila ufa siku nzima. Samaki huyu hupunguza idadi, na katika tangi lisiloambukizwa sana huenda akazuia balaa kuanza. Lakini halili yai lililobandikwa chini ya bamba asikofika, na usiku hulala, ilhali koa huamka. Ni mlinzi wa mchana tu, wala hawezi kuchukua mahali pa matibabu.

Wala si kila koa ni wa kuuawa. Yuko koa aitwaye Berghia stephanieae, ambaye asili yake ni Florida, naye hula anemoni ndogo za jamii ya Aiptasia. Anemoni hizo ni magugu ya tangi: huzaana upesi na kuyawasha matumbawe jirani. Wafugaji humzalisha Berghia kwa makusudi na kumuuza, naye akimaliza anemoni hufa kwa kukosa chakula, bila kuligusa tumbawe. Tabia ile ile ya kula chakula kimoja tu, ambayo kwa Phestilla ni msiba, kwa Berghia ni faida. Kwa hiyo mfugaji hana budi kumtambua mnyama kabla ya kumhukumu.

TANGI LA KUNGOJEA

Yote yaliyoelezwa juu ya matibabu ni kazi ya aliyechelewa. Kinga yake ni rahisi zaidi, nayo ni tangi la kungojea: chombo kidogo chenye maji, joto na mwanga wa kutosha, kilicho mbali na tangi kubwa, ambacho vifaa vyake havichangwi na kingine. Kila kipandikizi kipya huanzia humo. Siku ya kufika hubadilishwa kidonge, huchovywa dawa na kukaguliwa kwa kioo cha kukuzia. Hukaguliwa na kuchovywa tena kila juma. Baada ya majuma manne hadi sita bila dalili yoyote, ndipo kiruhusiwapo kuingia bustanini. Gharama ya chombo hicho ni ndogo ikilinganishwa na thamani ya bustani nzima.

Jambo la pili la kinga halina gharama hata kidogo, nalo ni kusema kweli. Mfugaji aliyegundua makoa katika tangi lake huona haya. Huogopa kwamba wenzake watamdharau, au kwamba vipande alivyokusudia kuuza havitapata mnunuzi. Hunyamaza, akatibu kwa siri, na pengine akatoa kipande kimoja ambacho anaamini kimepona. Kipande hicho hupokewa na mtu ambaye naye hugawia watatu. Lau kama angewaambia wale waliopokea vipande vyake katika miezi iliyotangulia, wangekagua mapema na kuokoa matangi yao. Ndiyo maana daftari la tarehe, lenye kuonyesha kila kipande kilitoka kwa nani na kilikwenda kwa nani, lina thamani sawa na chupa ya dawa. Bila daftari, hata mwenye nia njema hajui amwonye nani.

MAFUNZO KWA VITALU VYA BAHARINI

Kusini mwa pwani ya Kenya, na katika sehemu nyingine za ukanda huu, vipandikizi vya matumbawe hutundikwa au kufungwa katika vitalu vilivyowekwa baharini, vikakua, kisha vikahamishiwa kwenye miamba iliyoharibika. Haja ya kazi hii inajulikana: mwaka 1998 joto kali la bahari liliyafanya matumbawe mengi ya magharibi ya Bahari ya Hindi kuwa meupe na kufa.

Kitalu cha baharini kina jambo moja ambalo tangi la nyumbani halina: walinzi. Utafiti uliofanywa katika vitalu vya pwani ya Kenya na kuchapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba kitalu kikiwa karibu na mwamba, samaki walao mwani hukisafisha, na faida yao huzidi hasara iletwayo na samaki wadonoao matumbawe. Mfugaji wa tangi hujitahidi kwa taabu kupata sehemu ndogo ya msaada huo. Mwenye kitalu baharini huupata bure, madhali samaki wa mwamba hawajavuliwa wote. Kwa hiyo kuwatunza samaki wadogo wa miamba, ambao sokoni hawana bei, ni sehemu ya kuyatunza matumbawe.

Pamoja na hayo kanuni za kipandikizi hazibadiliki. Kikatwe kwenye tumbawe lenye afya, kwa kibali cha mamlaka husika. Kigeuzwe na kukaguliwa upande wa chini kabla ya kufungwa. Kisitolewe mbali kikaletwa mahali pageni bila sababu na bila ushauri wa wataalamu. Kitalu kikaguliwe kwa zamu, na atakayeona weupe unaoanzia ukingoni autangaze siku hiyo hiyo. Dawa za kuchovya zilizotajwa hapa ni za ndoo na matangi. Hazifai kumwagwa baharini. Kadhalika maji na wanyama wa matangi wasitupwe baharini hata kidogo. Samaki mchafi wa bahari zetu, mwenye miiba ya sumu, alionekana Florida mwaka 1985 katika bahari isiyo yake, na yaaminika kwamba alitoka katika matangi ya wafugaji. Leo ameenea katika Karibi yote, akila samaki wadogo wasiomjua.

Koa mla matumbawe hana meno ya kutisha wala mbio. Nguvu yake yote ni kwamba mtu humbeba bila kumwona, na humtibu bila kuyahesabu mayai yake. Atakayegeuza kila kipande na kutazama upande wa chini, akangoja majuma yake yote kabla ya kukitia bustanini, na akawaambia wenzake alichokiona, amemwondolea nguvu hiyo.